Sweta la Sufu Huharibikia Stoo

Nauza masweta ya mitumba Njombe mjini na kwenye magulio ya vijijini. Biashara hii ina miezi mitatu ya kweli: Juni, Julai na Agosti, sakitu inapounguza majani ya viazi na watoto wanakwenda shule viganja vimefichwa ndani ya mikono ya sweta. Miezi mingine yote mzigo umelala. Mwaka ule niliopoteza sehemu kubwa ya mtaji wangu, hakuna sweta hata moja lililoharibika kwa kuvaliwa. Karibu yote yaliharibika yakiwa yamefungwa vizuri, hayajaguswa na mtu. Naandika kwa ajili ya wachuuzi wenzangu, na pia kwa mtu mwenye sweta moja tu la sufu aliloachiwa na mzazi au kuletewa na ndugu aliye Ulaya, ambaye analikunja, analisukuma chini ya kabati na kuamini limepumzika salama.

Mwanzoni sikuwa mtu wa sufu. Niliuza kilichotoka kwenye belo, yaani robota la mitumba, na kinachotoka kwa wingi ni akriliki, uzi wa kiwandani unaofanana na sufu. Walionifundisha tofauti ni wachuma chai wa Kibena na Luponde, pamoja na madereva wa malori wanaolala Makambako. Mchuma chai anaingia shambani alfajiri majani yakiwa yamejaa umande. Kifua kinalowa, mikono inalowa. Akriliki ikilowa inakuwa baridi mwilini. Sufu inanyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajaanza kuhisi amelowa, na bado inashika joto. Watu wale hawakunieleza habari za nyuzi. Walikuwa wanafika, wanashika, wananusa, wanauliza, "Mama, lile zito kama la mwaka juzi lipo?" Lile zito lilikuwa sufu. Kwa sweta la akriliki walinipa elfu tano kwa kubembelezana. Kwa lile zito walitoa elfu kumi na tano, hata ishirini, bila maneno mengi.

Basi nikaanza kuchambua. Kama huna uzoefu, soma lebo ya ndani kwanza. Mitumba inatoka nchi nyingi, kwa hiyo utakuta Wool, Laine, Wolle au Lana, na yote ni sufu. Mengine yana ile alama inayofanana na kibonge cha uzi uliosokotwa, Woolmark, iliyoanza kutumika mwaka 1964 kwa nguo za sufu halisi. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi mdogo kwenye mshono wa ndani, toka nje mbali na mzigo, uuwashe. Sufu inawaka kwa shida na ukiondoa moto inazima yenyewe. Inanuka kama kuku anayebabuliwa manyoya, na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka, inadondoka, inaacha kidonge cheusi kigumu. Ukipata harufu ya nywele na kidonge pamoja, limechanganywa.

Kipimo hicho kina kazi zaidi ya bei. Funza wa nondo, mdudu anayetoboa nguo, hali akriliki. Anakula sufu, manyoya, nywele na hariri, yaani vitu vilivyotoka kwenye mwili wa mnyama. Ukijua lipi ni lipi, unajua lipi la kulilinda.

Sasa kuhusu mwaka wenyewe. Anayeifahamu kazi hii anajua kwamba sweta hununuliwa wakati wa joto. Januari na Februari Dar es Salaam watu wanatafuta vesti na kaptula. Belo la masweta linamchosha mwenye nalo na bei inalegea. Ukisubiri Mei, wachuuzi wa Mbeya, Iringa na Arusha wote wameshuka soko la mitumba la Ilala, Dar, pamoja na wewe, na hakuna wa kukupunguzia. Nilichukua mkopo wa milioni moja na nusu kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, nikashuka Februari, nikanunua mabelo yangu, nikayafungua huko huko na kuchambua. Akriliki nikaiuza kwa jumla. Sufu nikaiacha kwa mdogo wangu Mbagala, kwenye chumba cha nyuma. Njombe Februari ni mvua, na paa la stoo yangu lilikuwa linavuja. Isitoshe nilitaka kulipa lori mara moja tu, Mei, pamoja na mzigo mwingine. Tuliweka masweta kwenye mifuko ya nailoni, tukaingiza ndani ya viroba, tukakaza kamba. Machache niliyokuwa nimeyafua ili niyapige picha za kuwarushia wateja kwa simu niliyaweka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mei mdogo wangu akanipigia. "Dada, kuna vidudu kama vipepeo, vya rangi ya dhahabu, vinakimbia ukutani. Si mende, si mbu." Nikamuuliza vimeanza lini. Akasema ameviona muda sasa, lakini kwa sababu haviji kwenye taa wala kwenye chakula hakuona haja ya kunisumbua. Nilipanda basi usiku uleule.

Kiroba cha kwanza kilipofunguliwa sikuona tundu. Niliona utando mwembamba mweupe, kama wa buibui lakini umelala chapa juu ya kitambaa, na chini ya utando punje ndogo kama mchanga. Punje za juu ya sweta jekundu zilikuwa nyekundu, za juu ya sweta la bluu zilikuwa za bluu. Ni kinyesi cha funza; anakula uzi na rangi yake, anaitoa na rangi yake. Nilipoinua sweta juu kwenye mwanga ndipo matundu yakaonekana, mengine ya kichwa cha pini, mengine ya kupitisha kidole. Kiroba kilichokuwa ukutani kilikuwa na balaa la pili: ukungu. Nailoni ilikuwa imetoa jasho la masika ya Dar, na masweta ya chini yalikuwa na madoa ya kijani na harufu ya pango.

Nilikaa juu ya mzigo. Mdogo wangu aliniletea maji, sikuyanywa. Nilichokuwa nakiwaza ni kikao cha VICOBA cha Jumamosi, na wale akina mama walionidhamini, ambao mmoja wao alikuwa amesimamisha ujenzi wa jiko lake ili mkopo uje kwangu kwanza. Tulipomaliza kuhesabu, hasara ilikuwa karibu laki saba. Kwa mtu mwingine labda si fedha ya kuzungumzia. Kwangu ilikuwa karo ya mtoto na kodi ya fremu.

Kitu kilichonipa akili siku ile ni ile ndoo. Masweta niliyoyafua yalikuwa mazima. Nikarudi kwenye viroba na kuanza kuangalia matundu yalipokaa, badala ya kuyahesabu tu. Kola. Kwapa. Ncha za mikono. Kifuani pale mtu anapomwagia chai. Funza walikuwa wamefuata jasho na mafuta. Mitumba inafungwa kwenye belo jinsi ilivyotoka mwilini mwa mtu, na mara nyingi haijafuliwa. Sufu tupu, safi, ni chakula duni kwa funza. Anahitaji chumvi na virutubisho vilivyomo kwenye jasho, mafuta ya ngozi na mabaki ya chakula ili akue vizuri. Tangu siku ile sijaweka ndani sweta la sufu ambalo halijafuliwa, hata kama nitaliuza wiki ijayo.

Nilitaka kumjua huyu mdudu, kwa hiyo nilimtafuta nikamsoma. Nondo mwenyewe, yule kipepeo wa dhahabu mwenye urefu wa milimita sita au saba, hali chochote. Kazi yake ni kuzaa tu. Jike hutaga mayai arobaini, hamsini hivi, kwenye mikunjo na mishono, na kwenye joto kama la Mbagala yai linaweza kuanguliwa ndani ya wiki. Anayekula ni funza, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na kwenye joto na unyevunyevu kizazi kizima kutoka yai hadi kipepeo kinaweza kumalizika kwa miezi miwili hivi. Toka Februari hadi Mei ni nafasi ya kutosha kwa kizazi cha kwanza na mwanzo wa cha pili. Anaogopa mwanga. Vile vipepeo vinavyozunguka taa sebuleni usiku si yeye. Yeye ukimwashia taa anakimbilia kwenye kona, mara nyingi kwa miguu. Basi ukiona kipepeo kidogo cha dhahabu kinakimbia gizani badala ya kuja kwenye taa, fungua kabati leo.

Kuokoa kilichobaki kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na kila jirani alikuwa na dawa yake. Mwenye duka aliniambia ninunue dawa ya mende nipulizie nguo zote. Nilikataa, nguo inayogusa shingo ya mtu haipigwi sumu ya ukutani. Dawa ile niliipuliza chumbani, kwenye pembe, kwenye nyufa na chini ya chaga, baada ya kuondoa kila kitu na kufagia vumbi lote. Usidharau kufagia. Funza anaishi pia kwenye vumbi lenye nywele, kwenye kiota cha panya, kwenye wadudu waliokufa juu ya dari. Ukiokoa sweta na kulirudisha kwenye chumba kilekile kichafu, umemrudishia chakula.

Masweta yasiyo na matundu, na yale yenye matundu machache, tuliyatandaza juani juu ya turubai, tukayageuza ndani nje, tukayapiga brashi kwenye kila mshono. Jua la Mbagala lilitusaidia sana, maana funza hawavumilii mwanga. Walikuwa wanajikokota kutoka kwenye kitambaa na kudondoka. Lakini jua halifiki ndani ya mshono wa kwapa, na mayai hayakimbii. Kwa hiyo nilihitaji kitu kikali zaidi, na hicho kilikuwa friza.

Jirani wa mdogo wangu anauza samaki na ana friza kubwa. Tulielewana kwa elfu thelathini. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili huua mayai, funza na vipepeo. Kuna mambo matatu ya kuzingatia hapa. Funga sweta likiwa kavu kabisa ndani ya mfuko, toa hewa, ufunge na mfuko wa pili. Kwangu ilikuwa pia kinga ya harufu ya samaki. Usijaze friza hadi baridi ishindwe kufika katikati, peleka kidogo kidogo. Na ukitoa mfuko, usiufungue papo hapo, uache hadi siku ya pili, la sivyo mvuke wa chumba utagandia kwenye sufu na utaanza safari ya ukungu. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, anza kuhesabu siku upya. Kile kisanduku cha barafu kwenye friji ndogo ya nyumbani mara nyingi hakifikii baridi hiyo, kwa hiyo pima kabla ya kukiamini. Asiye na friza apige pasi: weka kitambaa kibichi juu ya sweta, pasi ya moto juu ya kitambaa, uende taratibu mshono kwa mshono hadi mvuke upenye. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa sweta moja au mawili inatosha.

Halafu kuna naftalini, vile vidonge vyeupe vya duara vyenye harufu kali. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mdogo wangu alikuwa na mtoto wa miezi minne. Watu wote walituambia tununue vidonge tumwage chumbani, na tulikuwa tumeshanunua. Siku hiyo alikuwa na kliniki, akamtajia muuguzi. Muuguzi akamwambia asithubutu kuvifungua ndani ya nyumba yenye mtoto. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni jambo la kurithi, si haba kwenye sehemu zetu zenye malaria, na wengi hawajui kama wanao. Mtu wa namna hiyo akivuta sana hewa ya naftalini, au mtoto akifungwa nguo iliyokaa nayo, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Mtoto anakuwa wa manjano na anaweza kufa. Na mtoto anayetambaa haoni kidonge, anaona peremende. Umoja wa Ulaya uliiondoa naftalini sokoni mwaka 2008. Kwetu inauzwa kandokando ya barabara kwenye vipakiti visivyo na maandishi. Tulivirudisha dukani, hatukurudishiwa hela, na sijutii.

Tena hata kwa biashara haifai. Naftalini inafanya kazi pale tu hewa yake inapojaa ndani ya chombo kilichozibwa. Kuvitupia kabatini linalofunguliwa kila siku ni kujipulizia wewe mwenyewe. Na harufu yake inang'ang'ania sufu. Mteja wa Njombe akinusa sweta likanuka hivyo, analiweka chini.

Watu huniuliza kuhusu majani ya mwarobaini, karafuu na vipande vya mti wenye harufu. Naweka karafuu mimi, kwa sababu napenda nguo inukie vizuri na huenda nondo anayetafuta pa kutagia akasita. Lakini mayai yaliyomo ndani hayatakufa kwa karafuu. Ukiziweka, zifunge kwenye kitambaa. Mafuta yake yanaacha doa.

Kufua ndiko nilikojifunza kwa shida zaidi. Niliporudi Njombe na mzigo uliopona, nilimpa kijana mmoja anayefua nguo za watu masweta kadhaa. Alifanya kazi kwa bidii, na bidii ndiyo iliyoyamaliza: maji ya moto, sabuni ya unga, kusugua kwa nguvu, kisha kuyasuuza kwenye maji ya bomba ya Njombe ambayo asubuhi yanauma mifupa. Yalirudi yamekuwa magumu, ya kumtosha mtoto wa darasa la kwanza. Unyoya wa sufu una magamba madogo madogo. Ukiulowesha, ukaupa joto na kuusugua, magamba yanashikana na hayaachani tena. Hakuna dawa ya kulirefusha sweta lililoganda namna ile. Unaweza kulilowesha na kulivuta litoe inchi moja mbili, basi.

Aliyenionyesha njia ni sista mmoja mzee aliyefundisha ufumaji wasichana wa hapa kwa miaka mingi. Nilimpelekea sweta lililoganda nikitumaini atalirudisha. Akalishika, akacheka kidogo kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hili sasa ni blanketi la paka. Kaa hapa nikuonyeshe." Alichota maji ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, akatia shampuu ya nywele kidogo, akayakoroga kwanza kabla ya kuingiza sweta. Akalibonyeza chini, akaliacha robo saa, akalibonyeza tena. Hakusugua hata mara moja, hata kwenye kola. Maji ya kusuuzia yalikuwa na uvuguvugu uleule, na mara ya mwisho akatia kijiko cha siki ili kuondoa ukali wa sabuni uliobaki. Kulitoa alilibeba kwa mikono miwili kutoka chini kama mtoto, kwa sababu sufu iliyolowa ni nzito na ukiinua kwa mabega inavutika. Akalilaza juu ya taulo, akalikunja pamoja na taulo kama jamvi, akakanyaga juu yake kwa magoti. Maji yote yakahamia kwenye taulo. Hakukamua.

Nilimuuliza kwa nini shampuu. Akasema sufu ni nywele, ifue kwa kitu cha nywele. Baadaye nilielewa zaidi. Sabuni ya mche ni kali kwa magadi yake na inachakaza sufu. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyotengenezwa kuvunja protini za damu na maziwa kwenye nguo, na sufu yenyewe ni protini, kwa hiyo inaliwa nayo taratibu kila ukifua. Na kama unaipenda nguo yako, usiisogeze karibu na JIK. Dawa ile ya kung'arisha huigeuza sufu kuwa ya manjano, na ikikaa kwa muda inaiyeyusha.

Kukausha Njombe ni mtihani. Usilitundike sweta kwenye kamba. Uzito wa maji utalirefusha hadi magotini na mabega yatatoa nundu. Niliwaza kwa muda, mwishowe nikamtengenezesha fundi vichanja vya mbao vilivyowambwa wavu wa mbu, vinapangika kimoja juu ya kingine. Sweta linalazwa juu yake, linanyooshwa kwa mkono lirudi kwenye umbo lake, hewa inapita juu na chini. Vinakaa kivulini chenye upepo. Wakati wa mvua masweta yanachukua siku mbili, hata tatu, na kishawishi cha kuyasogeza kwenye jiko la mkaa ni kikubwa. Mimi siyasogezi. Na siweki ndani mpaka nimeshika mshono wa kwapa na pindo la chini nikahakikisha ni makavu, maana huko ndiko unyevu unakojificha.

Sasa stoo yangu. Paa nilirekebisha kabla ya kitu kingine chochote. Mzigo uko juu ya chaga, umeachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Kila sweta la sufu limekunjwa, halijatundikwa, na limefungwa kwa vitambaa vya pamba, khanga za zamani au mashuka yaliyochakaa, kisha liko ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana. Kitambaa cha pamba kinanyonya unyevu kidogo unaobaki, mfuniko unamzuia jike asiingie. Ndani naweka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wauza viatu wananipa bure. Visipopatikana, makaa machache yaliyofungwa vizuri kwenye kitambaa yanasaidia. Maboksi ya karatasi nimeyaacha, yana nyufa, yanavuta unyevu, na panya anayapenda.

Kila mwezi nafungua. Hili ndilo wengi hawataki kusikia, kwa sababu linaharibu siku nzima. Natoa kila kitu nje kwenye jua, nakung'uta, naangalia kola na kwapa, nafuta pipa, narudisha kwa mpangilio tofauti ili lililokuwa chini liwe juu. Nondo anataka giza na utulivu wa miezi. Ukimnyima utulivu tu, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Mwenye sweta moja atamaliza kazi hiyo chai haijapoa.

Na mzigo mpya hauingii stoo siku ya kwanza. Unakaa barazani, kila sweta linakaguliwa, la sufu linatengwa, linapigwa brashi, linafuliwa. Nilipigiwa hesabu na watu kwamba napoteza muda na maji. Sweta safi, lililonyooshwa, lisilo na harufu ya belo, sasa naliuza elfu ishirini na tano. Gharama ya shampuu imo humo.

Yaliyokuwa na matundu hayakwenda bure yote. Yenye tundu moja au mawili sista alinifundisha kuyaziba kwa uzi wa rangi inayokaribiana, kushika vitanzi kabla havijafumuka. Niliyauza kwa bei ya shamba na kumwonyesha kila mteja palipozibwa. Yaliyoliwa sana tulijaribu kuyafumua ili tupate uzi. Hapo kuna la kujua. Sweta ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo na kushonwa pamoja linafumuka likatoa uzi mrefu. Lile lililokatwa na kushonwa kwa overlock, mashine ya kuziba kingo za kitambaa, linatoa vipande vifupi visivyofaa kitu. Na sweta lenye tundu kifuani linakatika kila mstari unapopita kwenye tundu, kwa hiyo mikono na mgongo ndivyo vilivyotupa faida. Uzi tuliuloweka, tukauning'iniza na kitu chepesi unyooke, na wasichana wa sista wakafuma kofia na soksi za watoto wachanga. Zilikwisha mapema Julai.

VICOBA nilikwenda Jumamosi ile ile na ukweli wote, nikiwa na sweta lililotoboka mkononi. Waliniongezea miezi mitatu, na faini nililipa kama mtu yeyote. Mkopo uliisha Septemba, na yule mama aliyesimamisha jiko lake nilimpelekea sweta la sufu la kijivu, lililofuliwa kwa siki. Mdogo wangu bado ananipokelea mzigo Mbagala, lakini haulali kwake zaidi ya siku mbili, na sasa anapata sehemu yake kwenye kila belo, kwa sababu ndiye anayelifungua, ndiye anayekagua kola, na akikuta funza anaupeleka mfuko kwa jirani wa samaki kabla hata hajanipigia simu.